Andika Kilichokwisha Kushuka

*Barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: mtunzi wa hadithi afanye nini ili kazi yake isimpotee mikononi? Anayejibu ni mtunzi wa riwaya, mkazi wa Ngamiani, Tanga, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa karani wa mizigo bandarini.*

Shikamoo Mzee. Naandika riwaya yangu ya kwanza na nimefika sura ya kumi na moja. Mambo yangu yametapakaa: mengine yako kwenye simu, mengine kwenye madaftari ya shule ya mdogo wangu, mengine nyuma ya risiti za dukani. Rafiki yangu amenisomea akaniambia shangazi wa mhusika wangu ana kovu shavu la kushoto katika sura ya pili, na kufika sura ya tisa limehamia la kulia. Halafu kuna mtu nimemfisha, lakini baadaye anaonekana msibani kwa mwenzake, anakula pilau. Wewe unatumia vifaa gani? — Binti wa Muheza

Marahaba mwanangu. Huyo marehemu anayekula pilau mimi ningefikiria mara mbili kabla ya kumwondoa, pengine ndiye atakayekuuzia kitabu. Kovu lirudishe lilikokuwa.

Vifaa vyangu havitakushangaza. Nina kaunta buku moja kwa kila riwaya, kalamu ya biki, penseli, kalenda ya ukutani na bahasha moja kubwa ya kaki. Kompyuta ninayo na mswada wenyewe umo humo, ila mpangilio wote umo kwenye daftari. Vifaa ni hivyo tu. Swali lililobaki ni daftari linaandikwa lini na linaandikwa nini, na hapo ndipo nisipokubaliana na wenzangu wengi.

Enzi zetu meli kubwa hazikufunga gatini hapa Tanga. Zilitia nanga nje, mzigo ukateremshwa kwenye matishari, matishari yakavutwa mpaka gatini. Karani alisimama pale na karatasi mbili. Moja inasema melini mna nini. Ya pili unaiandika mwenyewe: kimeshuka nini. Ile ya kwanza ni maneno ya watu walio mbali. Gunia lililochanika, kreti lililobaki ndani ya meli, katoni lililolowa maji, hayo yote hayamo. Mtu akija kudai mali yake, anaonyeshwa karatasi ya pili.

Watunzi wengi wanapanga riwaya kwa karatasi ya kwanza. Wanaandika kurasa nzima za mhusika atakavyokuwa, anapenda chakula gani, alisoma shule gani, sura ya ishirini atafanya nini. Kisha wanaanza kuandika, mhusika anakataa, anakwenda njia yake, na zile kurasa zinabaki zikidanganya. Mimi naandika ya pili. Sura ikiisha, kabla sijanyanyuka kitini, nafungua daftari na kuandika ukurasa mmoja wa kilichoshuka. Siandiki muhtasari wa hadithi. Hadithi naijua, mimi ndiye niliyeitunga. Naandika vitu vitakavyokuja kunidai baadaye: ilikuwa siku gani na saa ngapi, nani alikuwepo na nani aliondoka kabla ya maneno fulani kusemwa, mwilini mwa nani pametajwa kitu (kovu, jino la dhahabu, kuchechemea, na mguu upi), kitu gani kimetoka mkono mmoja kwenda mwingine, ahadi gani imetolewa. Ufunguo ukiwa mfukoni mwa Juma mwisho wa sura ya nne, naandika: ufunguo, Juma. Usipoandika, sura ya kumi mtu mwingine atafungua mlango kwa ufunguo huohuo na wewe hutaona.

Mwishoni mwa daftari, ukilifungua kwa nyuma, nina kurasa mbili ambazo sizikosi.

Ya kwanza ni ya nani anamwitaje nani. Hadithi za kwetu haziendi bila hii. Mwanamke mmoja kwa mumewe ni Mama Salimu, kwa wifi zake ni Bi Mwanaidi, kwa watoto wa kaka yake ni Shangazi, kwa muuza samaki ni Dada. Mtu mmoja huyo. Ukimchanganya, msomaji ataona wanawake wanne wameingia chumbani. Na umama una tarehe yake: kama Salimu anazaliwa sura ya saba, hakuna mtu wa kumwita Mama Salimu katika sura ya tatu. Nimekutana na kosa hilo kwenye vitabu vilivyokwisha kuchapwa. Basi nachora mistari, majina kushoto na majina juu, na kwenye kila chumba naandika huyu anamwita yule nani. Nikiwa hapo natazama pia herufi za mwanzo. Sisi watu wa pwani tuna Mwanaidi, Mwanahamisi, Mwanajuma na Mwanaisha ndani ya nyumba moja, na katika maisha hatupati shida kwa sababu tunawaona sura zao. Msomaji hawaoni. Mwache mmoja awe Mwanaidi, wengine wape Zuhura, Tatu, Chausiku.

Ya pili ni ya siri. Kila riwaya ina jambo ambalo baadhi wanalijua na wengine hawalijui: mtoto si wa baba anayemlea, shamba liliuzwa mara mbili, barua ilichomwa. Naandika siri juu, chini yake majina, na mbele ya kila jina namba ya sura aliyoijua na aliijuaje. Nikifika mahali watu wawili wanazungumza, natupa jicho pale kwanza. Mtu anayejua na anayeficha hasemi kama mtu asiyejua. Ukurasa huu umenipa mazungumzo mazuri kuliko kitu kingine chochote ninachomiliki, kwa hiyo usiuone kama kazi ya ukarani tu.

Kwa hizo sura kumi na moja zako, usirudi nyuma kupanga mswada. Keti uzisome tangu mwanzo, daftari likiwa mkononi, na ujizuie kusahihisha hata nukta. Andika tu kilichoshuka. Utakapofika mwisho utakuwa na orodha ya madeni, na kovu litakuwa moja tu kati yao. Zile risiti na vipande vyote tia kwenye bahasha ya kaki. Usizipange kwa mada wala kwa rangi. Ukikwama, mimina mezani, chagua kimoja kinachokuita, vingine rudisha. Riwaya ikiisha, vilivyobaki choma.

Na kwa kuwa Muheza na Tanga sote tuna unyevu: usitumie kalamu za wino wa majimaji, herufi zitavimba zikafutika masika ya kwanza. Pini za stepla hushika kutu na kula karatasi, shona kwa uzi. Daftari lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta. Mchwa hawachagui fasihi.

Salaam kutoka Temeke, Mzee. Rafiki yangu aliyeko Uingereza anaisifu sana programu inayoitwa Scrivener, anasema bila hiyo asingemaliza kitabu. Mimi nina kompyuta ya zamani ya Windows lakini muda mwingi naandika kwenye simu ya Android, ndani ya daladala. Nijikusanye nikainunue? — Msafiri wa Mbagala

Rafiki yako hakudanganyi. Scrivener ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kazi yetu. Ilianza mwaka 2007 kwenye kompyuta za Mac, baadaye ikaja ya Windows. Inaukata mswada vipandevipande, kila onyesho linakuwa kadi yake, unaweza kuyahamisha maonyesho kama unavyotaka, na pembeni unaweka picha na maelezo ya utafiti. Unalipa mara moja, haikutozi kila mwezi. Kwa mtu mwenye riwaya ndefu ya masimulizi matatu yanayopishana, ni chombo kizuri kwelikweli.

Ila haina toleo la Android, ndugu yangu. Wewe unaandikia daladalani. Utakuwa umenunua shoka na shamba lako ni la mpunga.

Kwanza jaribu ulichonacho. Katika Word, kichwa cha kila sura ukikipa mtindo wa kichwa cha habari badala ya kukikoleza tu kwa mkono, programu inakitambua. Ukifungua kile kidirisha cha pembeni kinachoorodhesha vichwa, utaona sura zako zote zimejipanga, unaweza kubofya ukafika, na unaweza kuikamata sura ukaiburuza juu au chini, nayo inahama na maneno yake yote. Watu wanakaa na Word miaka na hawajui. LibreOffice inafanya kazi kama hiyo, ni ya bure, na haisumbui kompyuta ya zamani. Pia ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, kwa hiyo hutaona ukurasa wako mzima umepigiwa mistari myekundu kana kwamba umeandika matusi. Jambo hilo lina historia ya nyumbani: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili.

Kwa simu, tumia Google Docs, na uiambie faili la mswada lipatikane hata bila mtandao, ili bando likiisha Mtoni Mtongani usikae unakodoa macho. Sura moja, faili moja. Faili la riwaya nzima kwenye simu ndogo ni mateso, kidole kinateleza na umefuta ukurasa.

Mzee wangu, heshima yako. Nilizaliwa Pangani ila nimekulia Morogoro. Naandika hadithi ya kwetu, mwaka 1979: mvuvi wa dagaa anamsubiri mdogo wake arudi kutoka vita vya Kagera. Mhariri kanirudishia mswada kaandika pembeni, "siku hazikutani". Kaweka alama ya kuuliza pale ndugu wanapokutana ufukweni usiku wa Idd, mbalamwezi ikimulika, joto la kaskazi. Sioni kosa liko wapi. Na kuna kifaa cha kuzuia mambo kama haya? — Mwana wa Pangani

Mhariri wako mnunulie soda.

Tuanze na mwezi. Idd inafuata mwezi mwandamo. Usiku huo mwezi ni ukucha mwembamba tu, unaonekana magharibi jua likishatua na muda si mrefu nao umezama. Baada ya hapo ni giza tupu na nyota. Mbalamwezi ya Ramadhani iko katikati, mwezi kumi na nne, kumi na tano. Ndugu zako wakikutana usiku wa Idd, mwashie mmoja wao karabai.

Sasa kaskazi. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba mpaka Machi. Mwaka 1979 Ramadhani ilianza mwishoni mwa Julai, na Idd ikaangukia karibu na tarehe 24 Agosti, kutegemea mwezi umeonekana wapi. Huo ni wakati wa kusi, upepo wenye ubaridi na bahari iliyochafuka. Mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku 11 hivi, ndiyo maana Ramadhani inazunguka misimu yote. Ukiitaka ya kaskazi kwa lazima, itabidi uisogeze hadithi mpaka miaka ya tisini, na hapo mdogo mtu amechelewa sana kurudi kutoka Kagera.

Kifaa kipo, na kinagawiwa bure madukani kila Desemba: kalenda ya ukutani. Kwa riwaya za zamani natafuta kalenda ya mwaka mwingine unaofanana na ninaouandikia. Mwaka 1979 ulianza Jumatatu na haukuwa mrefu, sawasawa na mwaka 2018. Tafuta kalenda ya 2018, hata ile yenye picha ya mabati ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila tarehe itaangukia siku ileile ya juma. Sikukuu za Kiislamu na Pasaka zilizochapwa humo zipige mstari, hizo haziwafikiani.

Kwanza naandika kwa kalamu nyekundu mambo ya nchi, kwa kuwa hayasogei. Kwako wewe: majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni. Basi mdogo mtu akirudi Agosti, hakuna atakayekuuliza. Akirudi Februari, lazima awe majeruhi au mtoro, na hiyo ni hadithi nyingine.

Kwa penseli naandika ya wahusika, maana hao wanasogea.

Halafu kwenye kona ya kila siku naandika tarehe ya mwezi wa Kiislamu, na hapa ndipo kalenda inapoanza kukulipa. Ukijua mwezi ni wa ngapi, umejua giza na mwanga, na umejua maji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Huku kwetu, siku za bamvua maji hujaa yapata saa kumi, alasiri na alfajiri, na hukupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Juma moja baadaye ni maji mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana, na saa zimegeuka: kujaa ni saa nne, kukupwa ni saa kumi.

Kwa mtu wa Morogoro hii inaweza kuonekana ni mapambo. Kwa mvuvi ndiyo ratiba ya maisha. Mvuvi wako wa dagaa anavua kwa taa, na dagaa wanaifuata taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea anapumzika: anashona nyavu, anakwenda kudai pesa zake, anagombana na mkewe. Maana yake maonyesho yako ya nyumbani usiku yapange katikati ya mwezi, na ya baharini yapange mwanzoni na mwishoni. Wanawake wanaokwenda mwambani kuchokoa pweza hutoka wakati wa bamvua, asubuhi, maji yakiwa yametoka mbali. Ukimpeleka bibi mwambani saa kumi alasiri mwezi mpevu umemzamisha. Ngalawa ikikwama kwenye mchanga wa mlango wa Mto Pangani, kalenda itakuambia watu wake watasubiri saa ngapi mpaka ielee, na katika saa hizo unaweza kuwafanya wazungumze yale wanayoogopa kuyazungumza nchi kavu. Mimi sura zangu mbili tatu nzuri zimeletwa na maji kukupwa, sikuzipanga.

Angalia pia usiku ni wa siku gani. Wazee wengi wa pwani wanahesabu usiku pamoja na mchana unaofuata, kwa hiyo mtu akiitwa hitimani usiku wa Ijumaa anakwenda Alhamisi jua likishatua. Chagua hesabu moja kwa ajili ya kalenda yako, kisha mwachie kila mhusika aseme kwa desturi yake.

La mwisho nililoliona katika kipande ulichoambatanisha: baba mtu anapewa noti ya shilingi 500. Mwaka 1979 noti kubwa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya 100. Wape noti tano, na muda wa kuzihesabu mbele ya watu.

Shikamoo Babu. Mimi nakaanga vitumbua Makorora, nimeanza kutunga hadithi fupi. Mawazo mazuri yananijia asubuhi mikono ikiwa na unga na mafuta, na nikija kukaa usiku yamekimbia. Watoto wamelala, na mimi nasinzia juu ya daftari. — Mama wa Vitumbua

Marahaba binti yangu. Simu yako ina rekoda ya sauti. Kama huioni, fungua WhatsApp ujitumie ujumbe mwenyewe, inaruhusu. Shughuli iko kwenye kuzitumia hizo sauti, maana sauti haina macho: huwezi kuipitia haraka kama ukurasa, na sauti thelathini zilizorundikana ni kama huna hata moja.

Basi fanya hivi. Neno la kwanza unalotamka liwe jina la mhusika au la hadithi: "Bi Hidaya." Kisha sema jambo moja tu, kwa maneno atakayoyasema yeye, siyo maelezo juu yake. Ukisema "Bi Hidaya atakuwa na hasira na mkwewe," usiku utakuta hasira imepoa. Ukisema "Bi Hidaya: mwanangu nilimzaa mimi, wewe umemkuta anajua kula," umeshamaliza kazi. Nusu dakika inatosha. Jambo la pili, sauti ya pili.

Usiku usikae kutunga. Sikiliza za siku hiyo tu, ziandike daftarini, futa. Ukilala kabla ya kuandika, hakuna ubaya, ila kesho usirekodi mpya mpaka za jana zimeisha. Utunzi wenyewe uweke wakati ambao mwili una nguvu. Nakisia vitumbua vimekwisha kabla ya saa nne na watoto wako shule. Muda wa saa moja hapo, kabla hujaenda sokoni, utakufaa kuliko saa tatu nzima za usiku. Na wateja wanaokaa kwenye benchi lako kusubiri kitumbua cha moto wanazungumza, sivyo? Hao usiwarekodi, ni haramu na ni utovu wa adabu. Wasikilize.

Assalaam aleikum Mzee. Niko Mombasa. Nimenunua kadi za rangi tano, manila za kubandika ukutani, na nimechora ramani ya mji wote wa hadithi yangu. Bado naboresha mpango kabla sijaanza kuandika sura ya kwanza. Waonaje, rangi ya samawati iwe ya wahusika au ya mahali? — Mpangaji wa Likoni

Waaleikum salaam. Ya mahali. Sasa andika sura ya kwanza.

Mzee, mimi ni mwalimu, Lushoto. Simu yangu iliibiwa stendi ya Korogwe na hadithi zangu zote zilikuwa humo. Nimeanza upya. Unatunzaje kazi yako isipotee? — Mwalimu wa Milimani

Pole sana Mwalimu. Nitakueleza ninavyofanya mimi, na ni nafuu.

Kila kazi inakaa mahali patatu, na mahali pamoja kati ya hapo pasiwe nyumbani kwangu. Nakala ya kwanza iko kwenye kompyuta. Ya pili iko kwenye fleshi, ambayo siiachi imechomekwa, maana umeme ukiruka au kirusi kikiingia vinakwenda vyote pamoja. Ya tatu najitumia kwa barua pepe kila nikimaliza sura. Hiyo hata nyumba ikiungua iko, na nikienda kwa binti yangu Korogwe naifungua kwa kompyuta yake. Hakikisha tu nywila ya barua pepe unaikumbuka bila ile simu. Wengi walioibiwa simu wameshindwa kuingia kwa sababu namba ya kuthibitisha ilitumwa kwenye laini iliyoibiwa. Nenda karudishe laini yako kwanza, kabla ya jambo lolote. Inawezekana simu ilikuwa inahifadhi vitu kwenye akaunti ya Google bila wewe kujua, na hadithi zako ziko huko zinakusubiri.

Majina ya mafaili yaanze na tarehe: mwaka, mwezi, siku, kisha jina la hadithi. Hivyo kompyuta itayapanga yenyewe kwa mfuatano. Usiite faili "mwisho", kwa sababu kesho kutakuwa na "mwisho kabisa", na keshokutwa "mwisho wa kweli", na hutajua lipi ni lipi. Usiandike juu ya faili la zamani unapoanza marekebisho makubwa. Fungua jipya, la jana liache kama lilivyo.

Hadithi fupi ikikamilika, ichapishe kwenye karatasi, hata kwa steshenari ya mtaani. Kurasa chache hazitakufilisi. Andika tarehe juu, shona kwa uzi, mpe mtu unayemwamini akutunzie. Mimi zangu ziko kwa dada yangu Pongwe, ndani ya sanduku la bati chini ya kanga zake za harusi, na kila nikienda ananiuliza huyu mwanamke wa sura ya tano ni nani, mbona anasema kama yeye.